Ukikwama Njiani Kwenda Uluguru kwa Siku Moja, Fanya Hivi

Kazi yangu ni ya dukani Kariakoo, na mapumziko yangu ni Jumapili tu, kwa hiyo mlimani kwangu ni kwenda na kurudi. Napenda Morningside, ile nyumba ya kale ya Wajerumani iliyo ubavuni mwa milima ya Uluguru, kwa sababu mtu wa Dar anaweza kutoka alfajiri, akapanda, akashuka, na usiku akalala kwake. Tatizo ni Barabara ya Morogoro. Ni kilomita 190 hivi, lakini semi moja ikilala Vigwaza hata kilomita 20 zinakushinda.

Treni ya SGR iliyoanza safari Juni 2024 imewaokoa wengi. Ila tiketi za asubuhi ya wikiendi ndefu zikiisha, tunarudi palepale: Mbezi stendi, basi la kwanza, na dua. Haya nayaandika kwa ajili ya watu wa basi.

Usianze kuhesabu na saa ya kuondoka Dar. Anza na giza, kisha urudi nyuma. Morogoro mwezi Juni jua linazama saa 12:20 jioni hivi. Februari linasogea karibu na saa 1:00. Ukiwa kwenye kivuli cha mlima, giza hukuwahi kabla ya hapo. Kushuka kutoka Morningside hadi mjini mpe mtu wa kawaida saa moja na nusu, na ukiwa na mwenzako mwenye goti bovu mpe mbili. Kwa hiyo mimi nageuka saa 10:00 jioni, popote nilipo. Hata kama nyumba naiona kwa macho, nageuka.

Ukishaishika hiyo saa 10:00, kuchelewa kunakuwa hesabu tu. Ukishuka Msamvu, stendi ya mabasi ya Morogoro, kabla ya saa 6:00 mchana, safari iko palepale: chukua bajaji hadi mwisho wa mji, panda kwa miguu, kama saa mbili hadi mbili na nusu. Ukifika kati ya saa 6:00 na saa 8:00, panda na bodaboda hadi juu, ukae kidogo, kisha ushuke kwa miguu. Kusema kweli hii ndiyo ninayoipenda zaidi, maana ukishuka mandhari ya mji yako mbele yako badala ya kisogoni. Patana bei kabla hujapanda, na mwambie dereva wazi kwamba ni kwenda tu, hurudi naye. Ukifika baada ya saa 8:00, mlima uache. Nenda Rock Garden hapo chini ukaloweshe miguu mtoni, pitia soko kuu ununue mboga za Waluguru kwa bei ambayo Kariakoo hutaisikia, ugeuze. Wanaobisha hapa ndio wanaoshuka kwa tochi ya simu yenye chaji asilimia nane.

Sasa, uko ndani ya basi na basi limesimama. Cha kwanza tazama magari yanayotoka Morogoro. Kama yanapita, foleni ni ya upande wenu na itasogea. Kama dakika 20 zimepita na hakuna hata moja, ujue barabara imefungwa. Ukiona na matawi ya miti yametandikwa lami, gari limeharibika au limeanguka mbele. Habari muulize dereva wa lori aliyesimama jirani, maana wale wanapigiana simu. Konda atakwambia "tunaondoka sasa hivi" hata kama injini imeshushwa chini.

Basi lenu likifa lenyewe, kaa karibu na konda na tiketi yako mkononi. Wakianza kufaulisha abiria kwenye mabasi mengine, nafasi huwa ni mbilimbili, tatutatu, na mwenye begi dogo mgongoni hupita kabla ya mwenye gunia kwenye buti. Ndiyo maana begi langu haliingii kwenye buti kamwe. Uliza pia kama nauli ya huko mbele imeshalipwa, usije ukadaiwa upya Chalinze.

Mwenyeji wako Morogoro mpigie mapema, na usimtajie saa. Mtajie mahali: "Niko Mlandizi, tumesimama." Yeye anaijua hiyo barabara kuliko ramani ya simu yako, atapiga hesabu mwenyewe.

Chakula cha mlimani usikile kwenye foleni. Chalinze watakuletea dirishani mayai ya kuchemsha, korosho, machungwa yaliyomenywa. Kijana anapasua yai kwa uzi, anachomeka kachumbari katikati, anamwagia pilipili, anakupa huku basi linasogea. Pesa kamili iwe tayari mkononi. Kula hayo. Chapati na maji lita mbili vibaki kwenye begi, pamoja na tochi ya kweli, koti la mvua na kitambulisho.

Kabla ya kupanda kwa kuchelewa, uliza hali ya juu kwa wanaotoka huko. Akina mama wanashuka na mizigo ya mboga kichwani, na hawana sababu ya kukudanganya.

"Shikamoo mama. Huko juu kukoje?"

"Marahaba mwanangu. Ukungu, na njia inateleza."

Ukipata jibu la namna hiyo mwezi wa nne, rudi zako Rock Garden. Masika ile njia ni udongo mwekundu unaoteleza kama sabuni. Na hata kukiwa kukavu, usipitilize Morningside kuingia msituni: kule ni hifadhi iliyo chini ya TFS, wakala wa misitu wa serikali, kuna kibali na ada, na hiyo ni safari ya kuanza asubuhi na mwongozaji.

Kurudi, ukienda kwa siku moja usikate tiketi ya saa maalumu kama asubuhi yako imeshavurugika. Rudi Msamvu usubiri mabasi yanayotoka Mbeya, Iringa na Dodoma. Jioni yanapita mengi na viti vya walioshukia Morogoro vinakuwa wazi. Ingia uone kiti kwa macho yako kabla hujatoa nauli, maana wapiga debe wa pale watakuuzia hata ndoo iliyopinduliwa. Tajiri wangu huwa namtumia ujumbe kuhusu kufungua duka Jumatatu nikishaipita Chalinze. Kabla ya hapo sina cha kumwahidi.