Kidonda cha paka kinachokunwa kila siku: namna ya kukisaidia kipone

Ukiona kidonda cha paka wako kimekauka asubuhi, na jioni kina damu mbichi tena, usikimbilie farmasi kutafuta pomade kali zaidi. Angalia kwanza kucha za miguu ya nyuma. Ngozi ya paka inajua kujifunga. Kucha hizo ndizo zinazoifungua kila siku. Zizuie, kisha tafuta kinachomwasha. Dawa inafuata nyuma.

Mimi ni fundi wa kushona hapa Goma, mtaa wa Katindo, na Makala, paka wangu mweusi, ndiye anayelinda vitambaa na panya. Kidonda chake kilikuwa shingoni, chini ya sikio, mahali ulimi haufiki lakini mguu unafika bila shida.

Kusafisha ni kazi fupi. Chemsha nusu lita ya maji, tia chumvi kijiko kidogo kimoja kilichosawazishwa, funika, acha yapoe kabisa. Lowesha kompresi, iweke juu ya kigaga mpaka kilainike, kisha pangusa uchafu polepole. Kigaga kisichotaka kutoka, kiache. Pamba ya kunyofoa haifai, nyuzi zake zinabaki kwenye nyama. Ukiwa na Bétadine, ile dawa ya kahawia ya vidonda yenye iodini, izimue kwa maji mpaka iwe na rangi ya chai nyepesi, na usimruhusu airambe kabla haijakauka. Alkoli, javeli (dawa ya kung'arishia nguo), Dettol na mafuta ya taa visiguse kidonda hicho hata siku moja. Na tafadhali, mama zangu, msimpe paracetamol kwa huruma: kidonge kimoja kinaweza kumuua paka.

Sasa nguo ya kufunika kidonda, maana hapo ndipo kazi ilipo. Chukua mkono wa tricot ya mtoto, ya pamba inayovutika, uliokwisha kufuliwa. Pima kutoka nyuma ya masikio mpaka mbele ya mapaja, kata urefu huo. Toboa matundu mawili ya miguu ya mbele, yasogee karibu kuelekea tumboni, kwa sababu miguu ya paka haikai ubavuni kama mikono yetu. Pindo la shingo lishone bapa, bila mpira: mpira unabana. Vidole vyako viwili vipite kati ya kitambaa na shingo. Visipopita, fumua uanze upya. Mvalishe akiwa ameshiba. Mwanzoni atatembea kinyumenyume na kujilaza chini. Mpe sambaza chache, wale samaki wadogo, ataizoea. Nguo ifuliwe kila siku, kwa hiyo shona mbili.

Kama kidonda kiko tumboni au pajani, mahali anapolamba, nguo peke yake haitoshi. Kata kola ya mviringo kwenye bidoni laini ya plastiki au picha ya zamani ya eksirei (radio) ya hospitali, ipite pua yake kidogo, na ukingo wa ndani uuzungushie kitambaa usimkate. Hakikisha anaweza kula na kunywa akiwa nayo.

Kucha pia zipunguzwe, ncha ile nyeupe tu. Ndani kuna sehemu ya waridi yenye damu; usiiguse.

Halafu tafuta kinachowasha. Hapa kwetu vumbi la mawe ya volkano ya Nyiragongo linaingia kila mahali, na kwenye manyoya linafanana kabisa na uchafu wa viroboto. Mchane paka juu ya kitambaa cheupe kilicholowa, usubiri kidogo. Punje za vumbi zitabaki nyeusi. Zile zinazoyeyuka na kuacha alama nyekundu ni damu aliyonyonywa. Ukiona hivyo, nunua dawa ya viroboto iliyoandikwa kuwa ni ya paka na inayolingana na uzito wake. Ya mbwa mara nyingi ina permetrini, inayoua paka, na ile poda ya kuhifadhi maharagwe ni sumu vilevile. Chemsha matandiko yake, anika juani, fagia chini ya mikeka. Kukiwa na mabaka ya duara yasiyo na manyoya, huenda ni choa, na choa linahamia kwa watoto: hapo mwone veterineri.

Mpeleke pia ukisikia harufu, ukiona usaha au uvimbe wenye joto, au akikataa chakula siku nzima. Jino la paka mwenzake linaacha tundu dogo linalojifunga juu huku usaha ukikusanyika chini. Hilo linahitaji kupasuliwa na mtaalamu. Na kama aliumwa na mbwa usiyemjua, mwambie veterineri waziwazi kwa ajili ya kichaa cha mbwa. Wewe mwenyewe ukikwaruzwa au kuumwa, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, halafu nenda kituo cha afya siku hiyohiyo.

Nguo usiivue mapema. Ngozi inayojifunga inawasha, na paka huanza kujikuna sana wakati wewe unadhani amepona. Subiri mpaka manyoya madogo yachipue pembeni, kisha mvue muda mfupi ukiwa umekaa naye. Akipeleka mguu shingoni, mrudishie.