Kuzoea Viatu vya Mchuchumio Bila Kuumia

Anayejifunza kuvaa mchuchumio aanze na kisigino kipana cha sentimita 4 au 5, kwa sababu kadiri kisigino kinavyopanda, ndivyo uzito wa mwili unavyosogea mbele na kuvilemea vidole. Nenda dukani jioni, wakati miguu imevimba kidogo kwa shughuli za mchana, uvijaribu viatu vyote viwili ukiwa umesimama. Kiatu kinachobana vidole siku ya kununuliwa kiache, hata muuzaji akikuahidi kwamba kitatanuka. Kwa maoni yangu, hapa ndipo wengi wanapokosea.

Nyumbani, vivae kwa dakika 15 hivi kila siku. Tanguliza kisigino, kisha vidole, piga hatua fupi kuliko kawaida na utazame mbele badala ya kuitazama miguu. Unaposhuka ngazi, shika kishikio.

Siku ya harusi, ambapo utasimama saa nyingi na pengine kukanyaga nyasi au mchanga unaomeza kisigino chembamba, weka kandambili mkobani. Ukishavivua, nyoosha taratibu misuli ya mashavu ya miguu, kwani hujikunja muda wote kisigino kinapokuwa juu.