Kabla Hamjachangia Pesa za Seli Shina

Daktari akishatamka kwamba ini limeshindwa, hazipiti siku nyingi kabla mtu hajatuma kwenye grupu la familia tangazo la kliniki inayouza seli shina, yaani seli changa zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine, na kamati ya mchango ikaanza kuulizana namba ya paybill. Subirini kidogo. Kuna kazi ya faili, yaani kukusanya karatasi za mgonjwa na za kliniki, inayotangulia, na sehemu kubwa yake inafanyika hapa hapa Nairobi.

Anza na jina kamili la ugonjwa. Ini hushindwa kwa namna tatu. Kwa mtu aliyekuwa mzima, linaweza kuporomoka ndani ya siku au wiki kwa sababu ya hepatitisi (maambukizi ya virusi kwenye ini), parasetamoli kupita kiasi, au mahindi yenye sumukuvu kama yale yaliyoua watu 125 mwaka 2004, wengi wao Makueni na Kitui. Sirosisi hula ini kwa miaka, makovu yakichukua nafasi ya nyama iliyokuwa ikifanya kazi. Namna ya tatu ni sirosisi iliyokuwa imetulia, ikavurugwa ghafla na maambukizi, pombe au kutapika damu. Majaribio ya seli shina hufanyiwa kila kundi peke yake, na matokeo ya kundi moja hayahamishiwi jingine. Tangazo linaloahidi kutibu yote matatu kwa chupa moja, liacheni.

Kisha tafuta alama ya MELD, namba inayoonyesha ini limeharibika kiasi gani. Bilirubini (rangi ya manjano ya damu), kreatinini (kipimo cha figo), INR (kasi ya damu kuganda) na sodiamu zipimwe kwa damu iliyotolewa siku moja. Wengi hukosea kwenye vipimio: maabara zetu kwa kawaida huandika bilirubini na kreatinini kwa maikromoli kwa lita, ilhali vikokotoo vingi vya mtandaoni vinataka miligramu kwa desilita. Gawanya bilirubini kwa 17.1 na kreatinini kwa 88.4. Bilirubini ya 171 kwa hiyo ni 10. Ukiiingiza ilivyo, mgonjwa ataonekana wa kufa kesho. Akiwa anatumia wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, INR itapotosha hesabu yote, kwa hiyo mwambie daktari. Alama huanzia 6 hadi 40, na ikifika 15 ni wakati wa kuzungumzia upandikizaji wa ini. Huo bado si huduma ya kawaida Kenya. Familia nyingi huenda India na ndugu wa kumtolea mgonjwa kipande cha ini. Ni tiba iliyothibitishwa, na pesa za seli shina hutoka kwenye mfuko ule ule.

Seli zenyewe je? Nyingi zinazojaribiwa hutolewa kwenye uboho, mafuta ya mwili au kitovu cha mtoto mchanga. Zikidungwa kwenye mshipa wa mkono, nyingi hunasa kwanza kwenye mapafu. Hazijengi ini jipya. Inadhaniwa kazi yake kubwa ni kutoa kemikali zinazotuliza uvimbe na kurekebisha kinga. Utafiti wa China uliochapishwa 2017, wenye wagonjwa 110 wa namna ya tatu waliokuwa na hepatitisi B, ulileta matumaini: baada ya wiki 24 walikuwa hai asilimia 73 ya waliopewa seli, dhidi ya 56 ya wasiopewa. Mwaka uliofuata, utafiti wa Uingereza wa wagonjwa 81 wa sirosisi, kwa seli za aina nyingine, haukuonyesha nafuu yoyote ya ini, na madhara makubwa yalikuwa mengi zaidi kwa waliopewa seli. Hali ndiyo hiyo. Anayekuambia jambo limeshathibitishwa anauza.

Sasa iandikie kliniki, usipige simu, ili majibu yabaki. Uliza seli ni za nani na zimetoka sehemu gani ya mwili. Uliza dozi kwa idadi: ule utafiti wa China ulitoa kati ya seli 100,000 na milioni 1 kwa kila kilo ya mgonjwa, mara moja kwa wiki kwa wiki nne. "Chupa mbili" si dozi. Omba cheti cha maabara cha kundi lile lile la chupa, kinachoonyesha vipimo vya bakteria, kuvu, endotoksini (sumu ya bakteria), HIV, hepatitisi B na C, na asilimia ya seli zilizo hai baada ya zilizogandishwa kuyeyushwa. Kipengele hiki si urasimu: Marekani mwaka 2018 wagonjwa 12 waliugua kwa bakteria baada ya kudungwa bidhaa zilizotokana na damu ya kitovu, na mgonjwa wa sirosisi hana kinga ya kuhimili hayo.

Wakisema ni utafiti, dai namba ya usajili wa jaribio, kibali cha kamati ya maadili, na kwa linalofanyika Kenya, idhini ya Pharmacy and Poisons Board, bodi ya kudhibiti dawa, na leseni ya NACOSTI, tume ya serikali inayoruhusu utafiti. Jina la daktari na la kituo yatafute kwenye rejista ya KMPDC, baraza linalosajili madaktari na hospitali, mtandaoni, uangalie kama leseni ni ya mwaka huu. Utafiti wa kweli kwa kawaida haumtozi mgonjwa bei ya kile kinachojaribiwa.

Shuhuda za waliopona zisomeni kwa jicho kali. Aliyeacha pombe, au aliyeanza tenofovia, dawa ya virusi, kwa hepatitisi B, ini lake linaweza kurudi nguvu ndani ya miezi michache bila kudungwa chochote. Akipewa seli katika miezi hiyo hiyo, sifa inaenda kwa chupa. Kwa hiyo hakikisheni kwanza kwamba chanzo kinatibiwa.

Wakati mnangoja majibu, mgonjwa ale. Kumnyima nyama na mayai ni kosa la zamani linalomaliza misuli. Anahitaji gramu 1.2 hadi 1.5 za protini kwa kila kilo, yaani 72 hadi 90 kwa mtu wa kilo 60. Ndengu, maharagwe, samaki, maziwa. Apate kikombe cha uji kabla ya kulala, kwa kuwa ini lake haliweki tena akiba ya kumfikisha asubuhi. Chumvi ya siku nzima isizidi kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyojificha kwenye viungo vya mchuzi vya pakiti. Dawa za maumivu za diklofenaki na ibuprofeni zisiingie nyumbani, zitaua figo; parasetamoli isizidi gramu 2 kwa siku. Mitishamba yote isimame.

Akitumia dawa za kupunguza maji tumboni, mpimeni uzito kila asubuhi: kama miguu haijavimba, asipoteze zaidi ya nusu kilo kwa siku. Laktulosi, dawa ya kulainisha choo inayosaidia kutoa sumu mwilini, dozi yake ipimwe kwa choo: kiwe laini, mara mbili au tatu kwa siku. Akianza kusinzia mchana na kukesha usiku, kusahau majina, au mikono ikipepea anapoinyoosha mbele, msimpe dawa ya usingizi. Mpelekeni hospitali usiku huo huo, na faili mkononi.