SOMO: Nyumba ya mbao na bati, hewa ipite na moto usipate njia

Assalaam alaykum jamaa. Kila wiki napigiwa simu na mtu anayejenga kwa fremu ya mbao na kuvika bati, na suali ni lile lile: nifanyeje ndani kusiwe tanuri, na moto ukitokea watu watoke? Naandika mara moja, atakayeuliza tena nitamleta hapa.

1. Mbao ziwe zimekauka kabla ya kusimamishwa.

2. Madirisha yatazamane. Pemba yetu ina pepo za kusi na kaskazi. Ukifungua pande hizo mbili hewa inapita mwaka mzima. Mimi kwa kila futi kumi za mraba za sakafu naacha futi moja ya kufunguka.

3. Paa liwe na matundu upenuni pande zote mbili, na mengine juu chini ya kofia ya paa. Tia wavu wa chuma. Wa nailoni unayeyuka.

4. Ukuta. Hapa ndipo nilipoharibu. Nyumba yangu ya kwanza nilipiga bati nje na plaiwudi ndani, baina ya nguzo nikaacha wazi kutoka chini hadi darini, nikidhani nimeupa ukuta pumzi. Siku moja seredani ya makaa ikauunguza ukuta wa jikoni kwa chini. Tukamwaga maji, tukaona kumezimika. Kumbe moto umeingia ndani, unapanda baina ya nguzo mbili kama moshi kwenye bomba, na tulipouona tena ulikuwa umeshafika kwenye kenchi. Bati haliungui, lakini linauficha moto, na maji unayomwaga nje hayaufikii. Jirani alikuja na mtaimbo akabandua bati, ndiyo ikawa salama yetu. Watoto walikuwa skuli, alhamdulillahi.

Basi baina ya kila nguzo gonga kipande cha mbao cha inchi mbili kwa nne kilale, kizibe uwazi wote: kimoja katikati ya urefu wa ukuta, kimoja pale ukuta unapokutana na dari. Usizibe kwa sponji. Usizibe kwa magunia. Paa lina matundu yake, usiutegemee ukuta kwa kazi hiyo ya kupitisha hewa. Jikoni weka mbao za jipsam (jasi) badala ya plaiwudi. Jipsam ina maji yaliyofungika ndani yake, na moto hauifikii mbao upesi mpaka uyakaushe.

5. Waya wowote unaopita kwenye bati uwe ndani ya paipu. Ukingo wa bati ni kisu, ukikata ganda la waya nyumba nzima inakuwa na umeme. Mwambie fundi wa umeme aliunge bati na waya wa ethi, ule unaopeleka umeme ardhini.

6. Milango ya kutokea iwe miwili. Nondo za dirisha la chumba cha kulala zifunguke kwa ndani bila ya ufunguo. Kanuni za makaazi za Marekani zinataka uwazi wa kutokea usipungue inchi 20 kwa upana, 24 kwa urefu, na eneo lake lisipungue futi za mraba 5.7. Nimezifuata kwangu.

7. Mtungi wa gesi ukae nje. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatambaa sakafuni.

MASUALI

mkaazi_konde: Sijasoma yote. Usiku wa mvua nikipika kwa makaa ndani na madirisha yamefungwa kuna ubaya?

Jibu: Upo. Makaa yanatoa gesi isiyo na rangi wala harufu, na inaua watu usingizini. Seredani haiingii ndani. Na soma yote.

paje_7: Fundi wangu anasema bati haliungui, vipande hivyo ni kupoteza mbao.

Jibu: Bati haliungui, fremu inaungua. Nimeiona yangu. Mpe hatua ya 4 aisome mwenyewe.

bi_wete: Kaka, bati lina mawimbi. Kipande cha mbao kilichonyooka hakitoziba, moto si utapita kwenye mawimbi?

Jibu: Dada yangu, umeona jambo ambalo mafundi wengi hawalioni. Ndiyo, utapita. Tia udongo wa saruji na mchanga kwenye kila wimbi, usawa wa kipande, kabla ya kufunga plaiwudi. Chini kabisa ya ukuta acha wazi, umande utoke.

mvuvi_tumbe: Sisi mbao tunapaka oili chafu kwa ajili ya mchwa. Vipi?

Jibu: Hiyo oili inawaka, shekhe. Tafuta boraksi na asidi ya boriki, uchanganye na maji ya moto, upake mbao ikiwa kavu. Inazuia mchwa na pia inachelewesha moto. Ila mvua inaiosha, kwa hiyo ni ya mbao za ndani tu.

bi_wete: Na rangi nyeupe juu ya paa inasaidia joto?

Jibu: Sana, inalirudisha jua. Kwa nyumba iliyo karibu na pwani osha chumvi kwa maji matamu kwanza, liache bati likauke, ndipo upake. Na angalia vichwa vya misumari ukiwa juu huko. Iliyoota kutu ing'oe, utie iliyopakwa zinki.