Jinsi ya kuomba vibali vya kituo cha muda mrefu cha kupima mawingu, erosoli na ardhi

Kituo cha kupima mawingu, erosoli (chembe ndogo zinazoelea hewani) na ardhi kwa miaka mitano au zaidi kwa kawaida huhitaji maombi manne: ardhi, masafa ya redio, usalama wa anga na tathmini ya athari kwa mazingira. Yapeleke kwa pamoja. Anayesubiri mkataba wa ardhi usainiwe ndipo aulizie leseni ya rada hujikuta na makontena uwanjani na rada iliyozimwa, huku msimu wa mvua ukimpita.

Kabla ya kujaza fomu yoyote, hakiki eneo lenyewe. Kusanya takwimu za upepo za angalau mwaka mzima kutoka kituo cha hali ya hewa cha karibu, kisha kadiria ni ardhi gani itakayoathiri vipimo vya mnara wako, ule unaobeba vihisi vya mvuke na kaboni dioksidi. Tuchukue msitu wa miti yenye urefu wa meta 21. Toa theluthi mbili ya urefu huo, yaani meta 14, kwa sababu upepo hupita juu ya majani kana kwamba ardhi imeinuka. Kihisi kikifungwa meta 34 kutoka chini, kimo kinachobaki ni meta 20. Zidisha kwa 100, upate takriban kilometa 2 kuelekea upepo unakotoka. Ni makadirio tu, na usiku hewa ikitulia umbali huo hurefuka. Lakini yanatosha kukuonyesha kwamba eneo unalolipima litavuka mpaka wa kiwanja ulichoomba. Jirani akifyeka miti yake mwaka wa tatu, vipimo vya mvuke na kaboni dioksidi vitabadilika, nawe hutajua kama kilichobadilika ni hali ya hewa au shamba la mtu. Basi mtaje jirani kwenye ombi na uambatishe barua yake ya kukubali.

Sasa tengeneza jedwali la mitambo, maana fomu zote nne zitajazwa kutokana nalo. Kila mtambo uwe na mstari wake: latitudo na longitudo, kimo, umeme unaotumia, masafa, nguvu ya mpigo na mwelekeo wa antena. Mnara ukisogezwa meta 50 baadaye, ziarifu ofisi zote siku hiyo hiyo. Namba zinazopingana kati ya fomu mbili zinatosha kurudisha faili mwanzo.

Kwenye masafa, rada za mawingu za gigahezi 35 na 94 hazina msongamano mkubwa. Kinachosumbua ni rada ya kupima upepo ya megahezi 915: nchi nyingine huiruhusu, nyingine zimeyatoa masafa ya jirani kwa simu za mkononi, na huko hutumika ya megahezi 1290. Uliza kabla ya kununua, kwa sababu huwezi kuibadilisha rada kwa kugeuza swichi. Orodhesha pia redio za maputo ya kupima hali ya hewa, za megahezi 400 hadi 406. Maputo mawili kwa siku ni 730 kwa mwaka. Mamlaka ya anga itataka ratiba ya kuyarusha, pamoja na maelezo ya taa za mnara na mwale wa laida, yaani kifaa kinachopima kwa mwanga wa leza.

Kwa erosoli, adui mkubwa ni jenereta ya kituo chenyewe. Kwenye grafu ya kihesabu chembe, mstari uliokuwa kwenye maelfu machache kwa sentimeta moja ya ujazo huruka ghafla hadi makumi ya maelfu, hukaa dakika kadhaa, kisha hushuka. Upepo uligeuka, moshi ukaingia bombani. Omba umeme wa gridi hata kama nguzo zitaongeza gharama. Jenereta ibaki ya dharura, na kila inapowashwa muda uandikwe. Hewa inayovutwa ikaushwe hadi unyevu chini ya asilimia 40, la sivyo chembe hufyonza maji, zikavimba, ukapima ukubwa usio wake. Palipo na joto na unyevu, kiyoyozi kikali mno hutonesha umande ndani ya bomba. Eleza kwenye ombi jinsi utakavyolizuia hilo.

Katika mkataba wa ardhi, dai mambo matatu kwa maandishi: njia inayopitika na lori la kreni mwaka mzima, haki ya kupogoa miti inayochomoza zaidi ya nyuzi 5 juu ya upeo wa macho, ukitazama kutoka kwenye vipima mionzi ya jua, na muda wa kutosha baada ya mkataba kuisha wa kuondoa mitambo na kung'oa misingi ya zege.