Mungu kakupa ndoto, watu wanakuvunja moyo? Fanya kama Nehemia

Tuseme umeomba, umefunga, na wazo la kufungua ofisi ya kushona limegoma kutoka moyoni, halafu ukimgusia shangazi anakuuliza "we na cherehani wapi na wapi?" Wengi hapo hukimbilia kuposti status za mafumbo kuhusu maadui. Achana na status, kafungue kitabu cha Nehemia kwenye Biblia.

Kwanza funga mdomo. Nehemia alikuwa mnyweshaji wa mfalme wa Uajemi kule Shushani, akasikia ukuta wa Yerusalemu umebomolewa, akalia akafunga akaomba kuanzia mwezi wa Kisleu, mfalme kaja kuambiwa mwezi wa Nisani, kama miezi minne hivi, na alipofika Yerusalemu alizungukia kuta usiku na watu wachache tu, hata viongozi hawakujua ana mpango wa kuujenga upya. Na wewe kabla hujatangaza kwenye grupu la familia kazungukie ukuta wako: ulizia kodi ya fremu, bei ya cherehani mpya na ya mtumba, mafundi wako wangapi mtaa huo, leseni halmashauri wanatakaje. Kuomba na kupiga hesabu havigombani jamani, mfalme alipomuuliza Nehemia utakaa muda gani alikuwa na jibu, akaomba na barua za kupitia kwa maliwali (watawala wa majimbo), mpaka mbao za msitu wa mfalme.

Pili, na hapa ndo watu wengi wanaharibu, chuja maneno. Tobia, mmoja wa waliopinga ujenzi, alisema hata mbweha akipanda huo ukuta utaanguka. Nehemia hakubishana nae, alimpelekea Mungu akaendelea kujenga. Ila sura ya 5 watu wake mwenyewe wakalia kwamba wameweka rehani mashamba kupata chakula na wakubwa wanawatoza riba, hapo hakusema "ni shetani ananipinga", alikasirika, akaitisha mkutano, akawabana wakubwa warudishe. Kwahiyo ukivunjwa moyo jiulize: kwenye haya maneno kuna kitu cha kurekebisha? "Huwezi" haina cha kurekebisha, ipotezee. Shangazi akisema fremu yako imejificha sana wateja hawataiona, hiyo ni taarifa ya bure, mshukuru, hata kama kaisema kwa kejeli.

Tatu, kuwa na jibu moja fupi. Sanbalati na Geshemu, wapinzani wengine, walimwita bonde la Ono mara 4, na mara zote aliwajibu vile vile, nina kazi kubwa siwezi kushuka. Lako linaweza kuwa "asante mama mdogo, niombee, namalizia oda ya mtu". Basi, usianze kujieleza.

Ukuta uliisha kwa siku 52, wewe inaweza kuchukua miaka. Hela ya fremu ikigoma anza na cherehani moja barazani, Disemba uwe umeshapita kwa wazazi wa mtaani kuchukua oda za yunifomu, maana Januari shule zikifungua kila mtu anakimbizana na fundi.