Somo: Kosa la kiwandani au kilema cha barabarani? Namna ya kupekua sarafu za chenji

Sarafu nyingi zinazoletwa kama "kosa la kiwanda" zilitoka kiwandani zikiwa nzima. Zimekutana na nyundo, tairi, moto au tindikali baadaye. Kabla hujaitangaza yako, jiulize: mashine ingewezaje kufanya hivi?

Ili ujibu, jua sarafu inavyotengenezwa. Bamba la madini hukatwa vipande vitupu vya duara. Kila kipande huingia kwenye kola, yaani pete ya chuma inayokibana ubavuni, kisha mihuri miwili, wa juu na wa chini, hukipiga kwa pigo moja. Kosa huingia kwa mlango mmoja kati ya mitatu: kipande, muhuri au pigo.

Vifaa: lenzi ya kukuza mara 10, mizani inayosoma hadi gramu 0.01, sumaku, kijiti cha meno cha mbao na taa. Taa ilaze ubavuni mwa sarafu. Mwanga wa juu kwa juu unaficha kila kitu.

Hatua ya 1: Uzito na sumaku
Chukua sarafu 10 za aina na mwaka uleule, zisizolika sana. Zipime pamoja, gawa kwa 10, ndipo upime yako. Tofauti ya gramu 0.05 kwenye sarafu iliyochakaa si habari. Kumi zote zikinasa sumaku na yako isinase, hapo una jambo. Ila angalia kama madini yalibadilishwa: senti moja ya Marekani ilihama mwaka 1982 kutoka shaba ya gramu 3.11 kwenda zinki iliyopakwa shaba ya gramu 2.50, na za mwaka huo za aina zote mbili ni za kawaida.

Hatua ya 2: Igeuze kama mlango
Shika juu kwa kidole gumba na chini kwa cha shahada, zungusha. Sarafu za Kenya, Tanzania na Uingereza za leo husimama wima pande zote mbili. Za Marekani hugeuka kichwa chini. Mzunguko wa nyuzi 10 upuuze. Nyuzi 90 au 180 zihifadhi. Shilingi 50 ya Tanzania ina faida yake hapa: pembe zake saba hazidanganyi, maana muhuri uliozunguka hauwiani tena na pembe.

Hatua ya 3: Kimeinuka au kimezama?
Hapa ndipo wengi hukwama. Muhuri huchongwa kinyume, kwa hiyo palipozama kwenye muhuri huinuka kwenye sarafu. Muhuri ukipata ufa, madini huujaza, nawe unaona mstari mwembamba ulioinuka, mara nyingi ukianzia ukingoni na kukatiza herufi. Mkwaruzo huzama, na kando yake hubaki vituta vya madini yaliyosukumwa. Pitisha kijiti cha meno: kikipanda, ni ufa, kikitumbukia, ni mkwaruzo.

Muhuri ukimeguka kabisa ukingoni, sarafu hutoka na bonge lisilo na chapa. Sasa geuza, utazame mkabala wa bonge hilo. Mchoro pale lazima uwe hafifu, kwa sababu madini yalikimbilia kwenye pengo. Bonge lisilo na ufifi huo nyuma yake ni lehemu tu.

Herufi zinazokosekana? Grisi na vumbi la chuma hujaza muhuri, herufi zikafifia, lakini uwanja, yaani sehemu bapa isiyo na mchoro, unabaki laini kama kwingine. Ukiona michirizi, zilisuguliwa kwa tupa.

Hatua ya 4: Maandishi maradufu
Muhuri uliochorwa mara mbili hutoa nakala mbili zenye mviringo, na ncha za herufi huwa na panda kama manati. Mfano wake mkuu ni senti ya Marekani ya 1955 ya Philadelphia: mwaka unasomeka mara mbili hata bila lenzi. Muhuri uliolegea na kutikisika mwisho wa pigo huacha ngazi bapa inayong'aa, nayo imekula unene wa herufi. Mtakazokutana nazo zaidi ni hizi, na hazina thamani ya ziada.

Hatua ya 5: Umbo
Bamba lisiposogea sawasawa, kikataji huangukia tundu lililokwisha kukatwa, na kipande hutoka kama biskuti iliyong'atwa. Upande unaokabiliana na pengo, ukingo huwa hafifu au haupo, kwa kuwa mashine ya kuinua ukingo ilipofika penye pengo ilibana hewa. Na herufi zilizo karibu na pengo hunyooka na kufifia kulielekea. Zikiwa zimekatwa kavu, huo ni msumeno.

Mchoro ukiwa umehama pande zote mbili na sarafu si duara, pigo lilikosa kati. Inayotafutwa ni ile iliyohama karibu nusu na mwaka bado unasomeka.

MASWALI

Mwanachama, Nairobi: Nina mbao (shilingi 20), kichwa kimeinama ukilinganisha na maandishi ya pete ya nje. Ni kosa?
Jibu: Hapana, ndugu. Pete na kiini hupigwa na muhuri mmoja kwa pigo moja, na pigo hilohilo ndilo linalovifunga pamoja. Haviwezi kupishana kiwandani. Kuna mtu aliyekitoa kiini akakirudisha.

Mwanachama, Tanga: Shikamoo mwalimu. Nina senti 10 ya East Africa ya 1964, ina tundu katikati.
Jibu: Marahaba. Ilitengenezwa hivyo, kama senti 1 na senti 5 za wakati ule. Kosa lingekuwa tundu kukosekana au kukaa kando.

Mwanachama, London: Peni 20 isiyo na mwaka ni kweli?
Jibu: Kweli. Mwaka 2008 tarehe ilihamishwa kwenda upande wa malkia, na muhuri wa zamani wa malkia ukatumika na mchoro mpya wa nyuma. Tafuta mchoro wa sehemu ya ngao. Ikiwa na waridi lenye taji, tarehe yake imo upande huohuo, au imesuguliwa.

Mwanachama, Mombasa: Niioshe kwa limau ionekane vizuri?
Jibu: Usithubutu. Limau hula uso wa sarafu. Ikiwa inanata, iloweke kwenye maji ya uvuguvugu yenye tone la sabuni, isuuze, ikaushe kwa kuigusisha kitambaa laini bila kusugua.

Mwanachama, Mwanza: Shilingi 100 ina maandishi yaliyozama, yanasomeka kama kwenye kioo.
Jibu: Tazama upande wa pili. Sarafu ikinasa kwenye muhuri, inayofuata hubeba sura ileile pande zote mbili: moja ya kawaida, nyingine imezama na kugeuka. Lakini upande wa pili ukiwa umelala bapa, na chini ya maandishi yaliyozama bado unaona mabaki ya mchoro halali, sarafu mbili zilibanwa kwenye jiliwa, kile kifaa cha fundi cha kubania vyuma.